Funguo za Mnara

Asubuhi ambayo ukungu haujafunika, mtu akisimama Kibosho anauona mji wa Moshi wote chini yake: mabati ya Majengo na Pasua, majengo ya hospitali ya KCMC, barabara iendayo Arusha, na mbali kusini kijani cha miwa ya TPC. Mandhari hiyo ndiyo mtaji wa kwanza wa mtoa huduma mdogo wa intaneti mkoani Kilimanjaro. Vifaa vyake vinatumia masafa ya gigahezi 5, ambayo hayanunuliwi kwa mnada kama yale ya makampuni ya simu, na vinadai jambo moja kuliko mengine yote: antena ya huku ionane na antena ya kule. Dar es Salaam angelazimika kusimamisha mnara mrefu ili apite juu ya maghorofa. Hapa anafunga dishi juu ya jengo mjini, analielekeza mlimani kwenye nyumba iliyo ukingoni mwa bonde, na kutoka pale anawagawia majirani wa vihamba, yaani mashamba ya familia, vya chini na vya juu.

Kuonana huko si kwa jicho tu. Mawimbi yanayosafiri kilomita 10 hayapiti kama uzi. Katikati ya safari yanataka nafasi wazi yenye umbo la yai refu, na kwa gigahezi 5.8 nusu kipenyo cha yai hilo hufika kama mita 11. Ndiyo maana kiungo kilichofungwa kikafanya kazi vizuri kinaweza kuanza kulegea baada ya miaka miwili bila kifaa chochote kuharibika. Mgrevilea wa jirani umekua, na masika yakija majani yaliyolowa yanameza mawimbi zaidi. Fundi wa Uru au Machame hukagua miti kwanza, halafu nyaya.

Watoa huduma hawa wamefanya kazi inayostahili heshima. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaisambaza neema hiyo mikoani. Ilibaki hatua ya mwisho, kutoka mjini hadi sebuleni, na hatua hiyo haikuwavutia sana wenye mitaji mikubwa. Kaskazini tulikuwa na mfano wa karibu. Arusha, watu wa mtandao wa Arusha Node Marie, ambao baadaye ukawa Habari Node, walikwisha kuonyesha kwamba mtandao wa kaskazini unaweza kuendeshwa na watu wa kaskazini. Agosti 2022 shirika la mawasiliano la TTCL lilipeleka intaneti ya kasi hadi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na wapandaji wakaanza kutuma picha wakiwa njiani kwenda kileleni. Ni jambo zuri, lakini Wi-Fi ya Horombo haimsaidii mwanafunzi wa Mwika anayetaka kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Anayemsaidia huyo ni kijana mwenye ngazi, koleo na pikipiki, anayeendesha kampuni ya watu wanne.

Usalama wa mtandao wa kampuni ya watu wanne ndio habari ya makala hii. Naandika kuhusu usalama huo kwa sababu familia za mlimani sasa zinapitisha humo mambo ambayo zamani yalipita benki, posta na ofisi ya kijiji, na kwa sababu naona hofu yetu tumeielekeza mahali pasipo pake.

Mteja mpya akifungiwa dishi, wasiwasi wake wa kwanza huwa ni hewa. Data zangu zinapita juu ya migomba ya watu, nani atazidaka? Swali hilo lina msingi. Dishi la kawaida la kiungo cha mbali hutoa mwale wenye upana wa nyuzi kama 6, na mwale huo ukishakwenda kilomita 10 umetanuka hadi kilomita moja. Antena ya kugawia, ile inayokaa juu ya mnara kuhudumia kijiji, hufunika nyuzi 90 au 120 kwa mpigo. Mlimani mambo yanazidi kwa sababu ileile inayomfurahisha mtoa huduma, kwamba mteremko mzima unatazama upande mmoja. Kinachotumwa kutoka mjini kwenda nyumba moja ya Uru kinaangukia pia mapaa mengine mengi, na mwenye kifaa cha aina ileile anaweza kusikiliza.

Hata hivyo hewa ndiyo sehemu ambayo wahandisi wameipatia dawa. Usimbaji wa kwanza wa Wi-Fi, ulioitwa WEP, ulivunjwa na watafiti mwaka 2001. WPA2 ikaja 2004. Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa KU Leuven, Ubelgiji, akatangaza udhaifu katika namna WPA2 inavyopeana funguo, watengenezaji wakauziba, na mwaka 2018 ikatangazwa WPA3. Mpaka leo WPA2 iliyosasishwa, yenye ufunguo mrefu usiokisiwa, inamzuia msikilizaji wa jirani. Kinachoharibu ni desturi. Ufunguo mmoja unatumika kwa kijiji kizima, tena ni jina la kampuni na mwaka ilipoanza. Msikilizaji akishanasa sekunde chache za salamu kati ya antena mbili, anakwenda nazo nyumbani na kuiachia kompyuta ijaribu maneno usiku kucha. Jina la kampuni litakuwa miongoni mwa ya mwanzo. Wapo pia mafundi wanaoamini kwamba, kwa kuwa antena zao zinaongea kwa lugha ya mtengenezaji ambayo kompyuta ya kawaida haiielewi, basi hawahitaji ufunguo. Lugha hiyo inaeleweka na kila kifaa cha mtengenezaji huyo, na vifaa hivyo vinauzwa madukani.

Kwa hiyo mimi hewa siiogopi sana. Ninachoogopa ni kisanduku chenyewe kilichofungwa pale juu, na urefu wa orodha ya watu wanaojua neno lake la siri.

Kila antena na kila rauta ina mlango wa usimamizi. Fundi anaingia humo kubadili masafa, kuongeza mteja, kumkata asiyelipa. Vifaa vya Ubiquiti vya miaka ya nyuma vilitoka kiwandani na jina la mtumiaji na neno la siri yanayofanana, “ubnt” na “ubnt”. Vya MikroTik vilikuwa na “admin” na neno la siri halikuwapo kabisa. Mtu mwangalifu hubadilisha siku ya kwanza. Lakini fundi akiwa juu ya paa la bati saa nane mchana, jua linamchoma na mteja anangoja chini, mazungumzo ya simu na mwenzake aliyebaki ofisini huwa hivi:

“Kaka, neno la siri la mnara ni lile lile?”

“Lile lile, ila herufi ya kwanza ni kubwa. Subiri nikuandikie kwenye grupu.”

Likishaandikwa kwenye kundi la WhatsApp, linabaki humo. Fundi aliyeacha kazi mwezi uliopita bado yumo. Kibarua aliyesaidia kuvuta waya wakati wa Krismasi bado yumo. Desemba ndiyo mwezi mbaya kuliko yote, na kila anayefanya kazi hii Moshi anajua sababu: Wachagga wanarudi nyumbani. Nyumba iliyokuwa na bibi na mjukuu mmoja inajaa watu ishirini kutoka Dar, kila mmoja na simu yake, na kila mjomba anataka aunganishwe kabla ya tarehe 24. Katika haraka hiyo rauta zinafungwa na mipangilio ya kiwandani kwa ahadi kwamba Januari zitarekebishwa. Januari watu wanashuka, ada za shule zinadaiwa, na simu za malalamiko ya mwezi uliopita bado hazijaisha.

Yapo matukio matatu yanayoonyesha gharama ya kuviacha vifaa bila uangalizi, na yote yalipitia vifaa vya aina wanayoitumia watoa huduma wadogo kama hawa wetu.

La kwanza ni la Mei 2016. Programu iliyojieneza yenyewe, bila mtu kuiongoza, iliingia katika antena za Ubiquiti za watoa huduma wa Argentina, Brazil, Hispania na Marekani. Haikuhitaji kujua neno la siri. Ilitumia kasoro iliyoruhusu mtu kupakia faili ndani ya kifaa kupitia mlango wa usimamizi, ikajitengenezea akaunti yake, kisha ikatafuta antena za jirani na kuzifanyia hivyohivyo. Baadhi zilifutwa mipangilio yote na wateja wakabaki bila mtandao, na mafundi wakapanda minara mmoja baada ya mwingine kuzirejesha kwa mkono. La kusikitisha ni kwamba dawa ya kasoro hiyo ilikwisha kutolewa Julai 2015. Kwa miezi kumi ilikuwa inapatikana bure.

La pili lilianza Aprili 2018. MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo rauta zake ndizo uti wa mgongo wa watoa huduma wadogo duniani, iligundua kwamba Winbox, programu ambayo kila fundi wa rauta hizo anaijua, ilikuwa na tundu. Mtu wa mbali aliweza kulisoma faili la watumiaji la rauta pamoja na maneno yao ya siri. Kiraka kilitolewa ndani ya mwezi uleule. Agosti, mtafiti Simon Kenin wa Trustwave aliona makumi ya maelfu ya rauta nchini Brazil zikipandikiza ndani ya kurasa za wavuti programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta za wateja. Muda si mrefu idadi ilifika rauta kama 200,000 katika nchi nyingi. Mteja aliona tu kwamba kompyuta inachemka na umeme unaisha haraka. Akampigia mtoa huduma, akaambiwa kifaa chake ni kizee.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu linawahusu waliojiona wamekwisha kujikinga. Septemba 2021, jeshi la vifaa vilivyotekwa lililopewa jina la Meris liliishambulia kampuni ya Yandex ya Urusi kwa maombi milioni 21.8 kwa sekunde moja. Nyingi za silaha zake zilikuwa rauta za MikroTik, na jeshi zima lilikadiriwa kufika vifaa 250,000. MikroTik walipochunguza walisema hakuna tundu jipya. Zilikuwa rauta zilezile zilizoibiwa maneno ya siri mwaka 2018. Wenye rauta hizo waliweka kiraka lakini hawakubadilisha neno la siri, na mwizi alikuwa bado ana nakala. Walibadilisha kitasa wakaacha ufunguo uleule, miaka mitatu.

Mkazi wa Old Moshi anaweza kuuliza Yandex inamhusu nini. Inamhusu kwa njia mbili. Kwanza, rauta inapotumika kushambulia wengine, uwezo wa kiungo unaoliwa ni ule alioulipia yeye. Pili, mashambulizi ya namna hii yamekwisha kuiumiza nchi ya Afrika. Mwaka 2016 Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, ilishambuliwa kwa jeshi la vifaa, zikiwemo kamera za usalama zilizoachwa na maneno ya siri ya kiwandani. Huduma ya intaneti ya wateja wake ikavurugika vibaya. Mwingereza Daniel Kaye alikiri kuifanya kazi hiyo kwa malipo ya mtu wa kampuni shindani, na Januari 2019 mahakama ya Uingereza ikamfunga miezi 32. Julai 2023 majirani zetu Kenya waliona jukwaa la eCitizen likizidiwa na mafuriko ya maombi. Waliokuwa wanahitaji huduma za serikali siku hizo wakakwama.

Kwa nini basi fundi mwenye akili timamu asiweke kiraka kinachotolewa bure? Nimeuliza swali hili kwa watu wengi wa kazi hii na sijakutana na mvivu. Nimekutana na hofu, na ni hofu ya haki. Kifaa kiko juu ya mnara Machame. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kinakufa. Kikifa, vijiji viwili viko gizani, na kesho yake kuna mvua. Mtu anayelaumiwa kwa kila dakika mtandao unapozimika, na asiyesifiwa kwa shambulio ambalo halikutokea, ataacha kifaa kinachofanya kazi kiendelee kufanya kazi. Njia ipo, nayo ni ya uvumilivu: kuwa na kifaa kimoja cha aina hiyo mezani ofisini na kukijaribu hicho kwanza, kuhakikisha betri ya mnara imejaa, kuchukua nakala ya mipangilio, kufanya kazi saa nane usiku, na kuanza na antena ya mbali kabisa ukirudi nyuma kuelekea mjini, ili ikitokea moja imegoma usiwe umejikatia njia ya kuzifikia zilizo ng'ambo yake. Pamoja na hayo, mlango wa usimamizi usiwe wazi kwa dunia nzima. Uwekwe katika mtandao wa pembeni ambao mteja hauoni na mtu wa nje haufikii ila kupitia njia iliyosimbwa. Anayetumia VPN kwa kazi hiyo afuate utaratibu wa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ambayo Oktoba 2023 iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao.

Udhaifu mwingine hauonekani hata kwa wenye uzoefu, kwa sababu unarahisisha kazi. Wengi hujenga mtandao wao bila kuta za ndani. Antena zote, rauta zote na wateja wote wanakaa kwenye bomba moja. Hapa watu wa mlimani wanaweza kuelewa haraka kuliko watu wa mjini, maana wamelelewa na mifereji. Aliye juu ya mfereji akiamua kuuchepusha, wa chini atapata maji aliyoachiwa, na anaweza asijue yamepita wapi. Katika mtandao usio na kuta, mteja yeyote mwenye programu ya bure anaweza kuvitangazia vifaa vya wenzake kwamba yeye ndiye lango la kutokea. Vifaa vinamwamini, na data za kijiji zinaanza kupita kwake. Huyo hahitaji kuwa mtaalamu wala kuwa mlimani. Inatosha kompyuta ya mtoto wa shule iwe imeingiwa na programu mbaya. Dawa yake ni ya zamani: kuwatenga wateja ili mmoja asimwone mwingine, kumpa kila mmoja akaunti na neno la siri la peke yake, na kila mnara kuwa na eneo lake.

Anayekaa njiani anaona nini? Machache kuliko zamani, kwa bahati nzuri. Kurasa nyingi sasa zinasimbwa kutoka simu hadi seva, na programu za benki na za pesa za simu pia. Lakini anaweza kuona majina ya tovuti unazofungua, na akiikamata rauta anaweza kubadilisha kitabu cha anwani inachokitumia, kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba. Mwaka 2018 watafiti wa Netlab 360 wa China walieleza kampeni waliyoiita GhostDNS: zaidi ya rauta 100,000, nyingi zikiwa Brazil, zilibadilishwa kitabu hicho ili wateja wa benki wapelekwe kwenye kurasa za bandia. Mteja aliandika jina sahihi la benki yake, kwa herufi sahihi, akafika kwa wezi. Sisi tumezoea wizi wa ujumbe wa “ile hela nitumie kwenye namba hii”, ambao mtu makini anaukwepa kwa kutojibu. Rauta iliyotekwa haimpi mtu makini nafasi hiyo kwa urahisi. Kinga iliyobaki ni onyo la kivinjari kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, na onyo hilo wengi tumejifunza kulibonyeza lipite.

Wi-Fi ya vocha inastahili maneno yake. Stendi, kwenye saluni, kwenye vibanda vya chipsi, mtu ananunua karatasi yenye namba na kupata saa kadhaa za intaneti. Imewafikia watu ambao bando la simu linawashinda, na naiunga mkono. Mtandao wenyewe kwa kawaida uko wazi, hauna usimbaji, na rauta humtambua aliyelipa kwa anwani ya MAC ya simu yake, namba inayotangazwa hewani waziwazi. Jirani anaweza kuinakili na kujivika. Watu huliona hilo kama wizi mdogo wa vocha, lakini fikiria simu iliyojivika namba yako ikituma tusi, au ikitapeli mtu. Kumbukumbu za rauta zitakutaja wewe. Simu mpya hubadilisha namba hiyo kwa kila mtandao zinaounganishwa nao, na hilo husaidia faragha. Haliondoi tatizo la kunakiliwa ukiwa umeshaunganishwa.

Kumbukumbu ndilo jambo ambalo ningependa watoa huduma wadogo walichukulie kwa uzito kuliko wanavyofanya. Wateja wengi wa kampuni moja huonekana mtandaoni kwa anwani moja ya IP. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ianze kutumika, mpelelezi akifuatilia kosa anafika kwenye anwani hiyo, yaani kwa mtoa huduma. Asiyekuwa na kumbukumbu za nani alitumia nini na saa ngapi hawezi kumwonyesha mkosaji, na kibaya zaidi hawezi kumtetea asiye na hatia. Kwa upande mwingine kumbukumbu hizo ni mali ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haimsamehe mtu kwa kuwa kampuni yake ni ndogo. Majina, namba za simu, namba za NIDA, na ramani inayoonyesha nyumba ipi iko wapi na ina kamera ipi, vyote vikikaa kwenye jedwali moja katika kompyuta ya mapokezi, ni hazina kwa jambazi wa kawaida asiyejua hata kompyuta. Jedwali hilo lifungwe, liwe na mtu mmoja anayewajibika nalo, na kinachopitwa na wakati kifutwe.

Hoteli na kampuni za kupandisha watalii zina hatari yake, na hapa Moshi ndipo pesa nyingi zilipo. Mgeni wa Marekani au Ujerumani anatuma malipo ya awali miezi kabla ya kupanda, kwa maelekezo aliyoyapokea kwa barua pepe. Mwizi akiingia katika barua pepe ya kampuni, anachotakiwa kufanya ni kubadilisha namba ya akaunti katika ankara moja. Njia ya kuingia mara nyingi ni ya aibu kwa wepesi wake: Wi-Fi ya wageni na kompyuta ya ofisi viko kwenye mtandao mmoja, na printa, kamera na rauta vinafikika kutoka chumba chochote. Novemba 2014 kampuni ya Kaspersky ilieleza kundi la DarkHotel, lililokuwa likiwavizia wakubwa wa makampuni kupitia mitandao ya hoteli za Asia. Hatuhitaji kuvamiwa na majasusi wa daraja hilo ili tujifunze kutenganisha mtandao wa wageni na wa ofisi. Ni kazi ya saa moja, na rauta nyingi zilizokwisha kufungwa zina uwezo huo tayari.

Yote haya yanagharimu, na kampuni ya watu wanne haiwezi kumwajiri mtu wa usalama. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kwamba mambo yaishie hapo, hasa Moshi. Wakulima wadogo wa kahawa wa mlima huu walianzisha chama chao mwaka 1925 kwa sababu mmoja mmoja hakuweza kupambana na magonjwa ya mibuni wala na bei, na mwaka 1933 wakawa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Mji huu una chuo kikuu kizima cha ushirika. Kampuni tano za intaneti zinazogombania wateja wa Kibosho zinaweza kuendelea kugombana kwa bei na bado zikamlipa kwa pamoja mtu mmoja, ambaye kazi yake ni kusoma matangazo ya kasoro, kujaribu viraka kwenye meza moja yenye vifaa vya wote, na kupiga simu inapobidi. Programu iliyojieneza mwaka 2016 haikuuliza antena ni ya kampuni gani. Na shambulio likitokea, taarifa ifike TZ-CERT, kitengo cha TCRA cha kushughulikia matukio ya kompyuta, badala ya kufichwa ili mshindani asisikie.

Kuna pia vifaa vilivyozeeka. Antena iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, ambayo mtengenezaji ameshaacha kuitolea viraka, inaweza kurusha vizuri kwa miaka mingi. Hakuna kitakachoonekana kimeharibika, na haitakingika tena. Kuibadilisha ni gharama ambayo lazima iingie kwenye bei ya mwezi, na mteja aambiwe waziwazi kwamba imeingia. Mimi naamini mteja wa mlimani atalipa, kama akielezwa kwa heshima anayopewa mtu mzima. Naye ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Aulize fundi wa mwisho alipoacha kazi, maneno ya siri yalibadilishwa lini. Aulize kama jirani yake anaweza kuiona printa yake. Rauta ya sebuleni iko mikononi mwake mwenyewe, na neno la siri lililobandikwa chini yake kutoka kiwandani anaweza kulibadilisha jioni hiihii, fundi akiwa bado juu ya paa la mtu mwingine Kilema.